Dakika Kumi na Nne za Modestus

Modestus Kamugisha ana koti moja jeusi, na koti hilo lina sifa mbaya kuliko mwenyewe. Watanzania wa Arlington na Grand Prairie wakimwona amelivaa siku ya kazi, mioyo inawaenda mbio. Kuna mama aliwahi kukutana naye kwenye duka la vyakula vya kwetu, pale penye unga wa sembe na dagaa wa pakiti, akadondosha kikapu na kuangua kilio kabla hata ya salamu. Maskini Modestus alikuwa anatoka kwenye ubatizo. Ikabidi asimame naye nusu saa nzima akimwapia kwamba kwao wote ni wazima, na mwisho akamlipia hao dagaa.

Kazi yake ya mshahara ni kuendesha forklift katika ghala moja la Grand Prairie, saa kumi na mbili kwa siku, akishusha na kupandisha makasha ya vipuri vya majokofu. Kazi yake ya pili haina mshahara, haina likizo, na wala hakuiomba. Yeye ndiye anayepeleka habari za misiba.

Kwetu habari ya kifo haipigiwi simu. Mtu akifiwa huko nyumbani naye yuko Texas, ndugu hawamwambii. Wanamtafuta Deo, mwenyekiti wa jumuiya, na Deo anamtafuta Modestus. Hapo hapo ndugu wote wanaacha kupokea simu za mfiwa, asije akasikia kitu kwenye sauti. Halafu mtu anachunguzwa kimya kimya. Yuko zamu? Aachwe amalize. Yuko barabarani? Aachwe afike. Amekula? Aachwe ale, maana akishaambiwa hatakula tena leo. Ndipo mtu anakwenda mpaka mlangoni kwake, anamwambia ana kwa ana, na anakaa naye. Kukaa ndiyo sehemu kubwa. Kusema ni dakika moja tu.

Modestus aliianza kazi hii kwa bahati mbaya, miaka minane iliyopita, kwa sababu siku hiyo ndiye peke yake aliyekuwa na gari zima. Aliifanya vizuri. Ana sauti nzito isiyo na haraka, na alisema maneno mawili tu: "Nyumbani wametutuma." Hayo mawili yalitosha. Basi tena. Ukifanya jambo vizuri mara moja mbele ya Waswahili, umejiajiri. Wanasema mjumbe hauawi, ni kweli, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba mjumbe hachoki. Na Modestus alichoka, jamani. Alichoka uchovu ule ambao usingizi hauufikii. Nyumba kumi na tisa ameziingia na koti lile, na kila nyumba anaikumbuka harufu yake, mchuzi uliokuwa jikoni, katuni zilizokuwa kwenye televisheni.

Wimbo alipewa na Jackie.

Jackie ni mama wa Kimarekani wa miaka sitini na kitu, mvi zimemfika mgongoni, na forklift anaiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kahawa. Wakati wa chakula hukaa kwenye pikapu yake, milango wazi, anajipigia miziki yake ya ajabu. Siku hiyo Modestus alikuwa ametoka kumwambia kijana wa watu kwamba mdogo wake amefariki, akaja kazini moja kwa moja. Ilipofika saa ya kula alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu la pikapu ya Jackie, chakula mapajani, hawezi hata kufungua kifuniko.

Mara kukaanza mngurumo. Mwanzoni alidhani gari ndilo limeharibika. Halafu ukaingia uzi wa gitaa, ukashika noti moja na kukataa kuondoka hapo. Ngoma ikafuata kwa mbali, du, du, du, haina haraka ya kwenda popote. Hakuna kiitikio, hakuna kupanda wala kushuka. Ni kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili, unayoisikia mchana kutwa na huioni. Juu yake sauti ya mwanamume inavuta maneno machache, inayarudia, inayarudia tena, haimbembelezi mtu wala haimwombi mtu kitu. Wimbo kama huo dakika ya pili unataka kuuzima. Dakika ya tano umesahau kuuzima. Dakika ya tisa hujui uko dakika ya ngapi.

Ulipoisha, wenzake walikuwa wamesharudi ndani na Jackie alikuwa anamtazama.

"Wimbo umekushika, eh?" Jackie alisema kwa Kiingereza chake cha kuvuta.

Modestus alikuwa anashangaa mabega yake. Yalikuwa yameshuka, na yeye hakujua hata kama yalikuwa juu.

Jackie alimweleza kwamba mwimbaji ni jamaa mmoja wa Houston, hana bendi. Gitaa lake, ngoma yake, sauti yake, anajirekodi peke yake kwenye gereji ya nyumba yake, hana hata mtu wa kumwambia basi imetosha. Jina alimtajia, Modestus akalisahau siku hiyo hiyo. Alichohifadhi ni wimbo wenyewe. Jackie alimtilia kwenye flashi, na kwenye redio ya gari ukawa unasomeka namba tatu tu. Dakika kumi na nne.

Nyumbani haukupata mashabiki. Binti yake, Koku, alisema kwa Kiingereza kwamba unatisha. Mkewe, Natalia, ambaye ni nesi na ana maneno, aliusikia mara moja njiani kwenda kanisani akauliza, "Baba Koku, huu ni wimbo au jenereta?"

"Ni wimbo."

"Aliyeupiga alilipwa?"

Lakini Modestus alikuwa ameshanaswa. Ndipo ilipoanza desturi yake. Akitumwa kwenye msiba, anafika, anaegesha chini ya dirisha la mtu huyo, anaweka namba tatu, anafumba macho. Alijipa sababu nzuri pia, na sababu hiyo alimwambia Natalia peke yake. Alisema kwamba kwa dakika zile kumi na nne, yule mtu aliye juu bado ana mama. Bado anapika, bado anagombana na watoto, hajui. Hizo ni dakika zake za mwisho, na hakuna mwingine wa kumpa. Wimbo ukiisha, Modestus anashuka, anapanda ngazi, anagonga. Miaka minne alikwenda hivyo na hakuna aliyedhurika.

Mpaka kwa Clara.

Clara alikuwa anaishi Arlington, msichana wa Mbinga, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, zamu za usiku. Alikuwa akimwita Modestus kaka, na hakuwa anatania. Alipofika Marekani na begi moja, ni Modestus aliyempokea uwanja wa ndege, na ni Natalia aliyempa kitanda miezi mitatu. Siku baba yake alipofariki ilikuwa Alhamisi. Deo alimpigia Modestus asubuhi akitoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili za makasha mgongoni. Clara alikuwa amelala baada ya zamu. Wakaafikiana aachwe aamke.

Modestus alifika saa tisa mchana, akaegesha, akaweka namba tatu. Clara alikuwa ameshaamka. Alitokea kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, akakung'uta shuka, akawa anacheka na mtu kwenye simu. Alikuwa na kofia ya kulalia kichwani. Modestus alimtazama akicheka, na wimbo ulipoisha hakushuka. Akabonyeza ukaanza upya.

Ilikuwa huruma? Pengine. Ulikuwa uchovu? Hilo halina ubishi. Lakini mwenyewe anajua kulikuwa na kitu cha tatu, na hicho ndicho kinachomuuma. Ule mngurumo ulikuwa mtamu. Ulimshika, ukamwambia kaa, naye akakaa. Ulipoisha mara ya pili mkono wake ulikwenda wenyewe.

Huko nyumbani, binamu fulani asiye na subira alikuwa ameshaweka picha ya mzee mtandaoni, na mshumaa pembeni: Pumzika kwa amani.

Kilio kilipita juu ya wimbo. Modestus alipanda ngazi mbili mbili, koti likimpepea, akakuta mlango wazi na Clara yuko sakafuni, peke yake, simu mkononi. Clara aliinua macho, akaliona koti.

"Umefika saa ngapi?" akauliza.

Modestus hana ufundi wa kusema uongo. "Saa tisa."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Ulikuwa hapo chini?"

"Nilikuwa hapo chini."

"Ukifanya nini, kaka?"

Angeweza kusema alikuwa anasali. Angeweza kusema alikuwa anamngoja Natalia. "Nilikuwa nasikiliza wimbo," alisema.

Clara alifukuza mtu kwa mkono tu, kama unavyofukuza kuku, na aliyefukuzwa ni Modestus. Wanawake wa jumuiya walipofika walimkuta amesimama nje ya mlango.

Usiku wa pili baada ya mazishi, Modestus alimtumia Clara ule wimbo kwenye WhatsApp. Hakuandika neno. Alitaka tu ajue ni kitu gani, asidhani ulikuwa muziki wa kuchezea. Tiki zikawa bluu. Jibu halikuja. Mwezi haukuisha, Clara akahamia Houston, akapata kazi hospitalini huko.

Modestus alimfuata mara moja tu. Aliendesha saa nne kwenda Houston, akaomba radhi amesimama, kofia mkononi. Clara alimkaribisha vizuri tu, adabu zote. Alimpikia wali na maharage ya nazi, akampakulia sahani ikajaa, akamwekea maji ya kunawa. Lakini hakukaa. Modestus alikula peke yake mezani, Clara akiwa jikoni anasugua sufuria lililokwisha takata. Kwa mtu anayejua maana ya kukaa na mtu, hiyo ilikuwa ngumi. Alirudi Grand Prairie redio imezimwa, saa nne nyingine.

Miaka miwili ikapita hivyo. Alimwambia Deo atafute mtu mwingine, Deo akamuuliza mwingine yupi, na kila mara koti likatoka kabatini. Flashi aliitoa kwenye gari akaitupa kwenye droo ya misumari. Akawa anafika na kugonga hapo hapo, mabega juu, na watu wanasema siku hizi Modestus anatisha kidogo. Wimbo aliukosa kama mvutaji anavyoikosa sigara. Kumkosa Clara kulimuuma zaidi. Kila sikukuu alimwandikia salamu, na kila sikukuu alijibiwa, "Nawe pia, kaka." Basi. Tena kila mara Natalia alimkuta anaitazama hiyo "kaka" kwenye simu, kana kwamba chini yake kuna maneno mengine.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, siku yake ya mapumziko, Modestus aliamka akampigia dada yake, Flaviana. Mama yao alikuwa amelazwa Bukoba wiki nzima, kifua, na Flaviana ndiye aliyekuwa akimuuguza. Kila siku alipokea simu, kila siku aliweka simu sikioni kwa mama, na mama kila siku alikohoa kwanza halafu akalalamika kwamba Modestus amekonda. Anajuaje kwa simu? Anajua.

Siku hiyo simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia binamu yake. Ikaita, ikakata.

Mtandao, alijiambia. Akaenda jikoni kunywa maji, akamkuta Natalia ameweka motoni lile sufuria kubwa, la ubatizo na harusi.

"Mama Koku, sufuria la nini hilo?"

"La kanisani kesho," Natalia alisema, na hakugeuka.

"Koku yuko wapi?"

"Kwa rafiki yake."

Modestus alitazama ukutani, kwenye msumari wa funguo za gari. Msumari ulikuwa mtupu. Loo. Ni yeye mwenyewe aliyewafundisha watu wote hawa, miaka minane: ficheni funguo, asije akaendesha na kilio, ondoeni watoto, injikeni chakula mapema, maana watu watakuja.

"Umekula?" Natalia akauliza.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Modestus alikaa mezani, akawekewa ndizi, akala. Angeweza kumuuliza. Natalia asingeweza kumdanganya kwa zaidi ya sekunde tatu. Lakini hakumuuliza, na si kwa ujasiri. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto mdogo, mtu mzima wa miaka hamsini na moja aliyezoea kubeba vifo vya wenzake. Mkewe alisimama akihesabu matonge kwa macho, na alipomaliza akachukua sahani, akaingia nayo chumbani badala ya jikoni, akafunga mlango.

Hapo ndipo aliposikia mngurumo.

Alidhani ni kiyoyozi. Kisha uzi wa gitaa ukaingia, ukashika noti yake moja, na nywele za mikono zikamsimama. Alitoka nje, kwenye kibaraza cha ghorofa yao. Chini, kwenye maegesho, kulikuwa na gari la kijivu lenye vumbi la safari, vioo vyote vimeshushwa. Ndani yake mwanamke wa kitenge, amelaza paji la uso kwenye usukani. Hakuhitaji kuuona uso. Ile shingo ilikaa chini ya paa lake miezi mitatu.

Clara alikuwa ametoka Houston alfajiri.

Hasira ilimpanda kwanza. Nani amemwomba? Nani amesema anataka kungoja? Alishika ukingo wa kibaraza, akataka kupaza sauti, sema, sema tu tumalize. Lakini ngoma ilikuwa imeshaanza, du, du, du, na mabega yake, yale mabega ya miaka miwili, yakaanza kushuka yenyewe. Alivuta kiti cha plastiki akakaa.

Kumbe ndivyo ilivyo ukiwa juu. Miaka yote aliwapa watu dakika hizi, hakujua zina nini ndani. Ndani yake mama yake alikuwa hai. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, anatupa mawe nje kwa kidole bila kutazama. Alikuwa anakohoa na kusema umekonda. Sauti ya yule jamaa wa gereji ilivuta maneno yake machache, ikayarudia, na mama akachambua, na mawe yakaruka, na hakuna kilichokuwa na haraka. Modestus alilia hapo, taratibu, bila kilio. Hakujifuta.

Anaujua wimbo ule. Sauti huacha kwanza, ukabaki uzi peke yake dakika mbili. Sauti ikaacha. Akanyanyuka, akaingia ndani, akanawa uso, akavaa shati. Akasimama nyuma ya mlango.

Uzi ukafifia. Ukaisha. Kimya kikawa kikubwa, akasikia kiyoyozi cha jirani.

Akangoja uanze tena. Mungu amsamehe, alitamani uanze tena. Moyo wake wote ulimwomba yule msichana kule chini, bonyeza, mdogo wangu, mara moja tu, nani atajua?

Mlango wa gari ukafunguka, ukafungwa. Nyayo zikapanda ngazi, moja moja, bila kukimbia. Akagonga.

Modestus akafungua. Clara alikuwa amekonda kidogo, macho mekundu, mikono yote miwili ameikunja mbele ya kitenge.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nyumbani wametutuma," Clara alisema. Kisha akaendelea, maana alikuwa na jingine aliloliendeshea saa nne. "Deo alitaka kuja yeye, nikamkatalia. Wimbo nimeusikiliza mara moja tu, kaka. Sikurudia."

"Nimesikia," alisema Modestus. "Ahsante."

Akasogea ampishe. Clara akaingia, akavuta kiti karibu na chake, akakaa.